Jeni, Malezi na Mtoto Mwenyewe

Mtoto akikua mkorofi, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mzazi, na mara nyingi zaidi ni mama. Akikua mpole na mwenye bidii, mzazi huyohuyo husifiwa kwamba amelea. Upande wa pili wako wale wanaotikisa kichwa na kusema damu ni damu, babu yake alikuwa hivyohivyo, na hakuna ambacho mtu angeweza kufanya. Lugha yetu imewapa wote silaha: wa kwanza watasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wa pili watajibu kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Nimeyasikia mabishano haya tangu utotoni, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu utafiti wa urithi na tabia, kwa sababu ni jambo linalonigusa kama mzazi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zote zinamchukulia mtoto kama kitu kinachotendewa, ama na jeni ama na wazazi, na zote zinasahau kwamba mtoto mwenyewe, tangu miezi yake ya kwanza, hushiriki katika kuyaunda malezi anayoyapata.

Nianze na jeni, yaani vinasaba, kwa sababu huko ndiko ushahidi uliko mwingi na ndiko unakopotoshwa zaidi. Njia iliyotumiwa sana ni ya kulinganisha mapacha. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililorutubishwa kisha likagawanyika, kwa hiyo vinasaba vyao ni karibu vilevile. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, na kwa vinasaba hawana tofauti na ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja: kwa wastani hushiriki nusu ya vile vinavyotofautiana baina ya mtu na mtu. Kwa kawaida mapacha wa aina zote mbili hulelewa katika nyumba moja kwa wakati mmoja, na hivyo, ikiwa wale wanaofanana wanakaribiana zaidi kitabia kuliko wasiofanana, pengo hilo linatupa makadirio ya mchango wa urithi. Mwingereza Francis Galton aliandika kuhusu kuwatumia mapacha kwa kazi hii mwaka 1875. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilikusanya matokeo ya tafiti za mapacha zilizofanywa katika kipindi cha takriban miaka 50, machapisho 2,748 yaliyohusu sifa 17,804 za mwili na akili na zaidi ya jozi milioni 14 za mapacha, na ukichanganya sifa zote pamoja, mchango wa urithi katika tofauti za watu ulikuwa wastani wa asilimia 49. Kwa sifa za haiba, kama vile wasiwasi, uchangamfu, uangalifu na wepesi wa kuelewana na wengine, makadirio ya tafiti hizi za mapacha huwa kati ya asilimia 40 na 50.

Takwimu ya namna hii husomwa vibaya kila siku. Haimaanishi kwamba nusu ya upole wa mtu imetoka kwa wazazi waliomzaa na nusu nyingine ameipata kwa waliomlea. Kiwango cha urithi hakimzungumzii mtu mmoja hata kidogo. Kinazungumzia tofauti zilizopo kati ya watu wa jamii fulani katika kipindi fulani. Chukua idadi ya vidole vya mkono. Ni jeni zinazoujenga mkono wa vidole vitano tumboni mwa mama, hakuna mtoto anayefundishwa kuwa navyo, na bado ukiwachunguza watu wazima utakuta kwamba wengi kati ya wenye vidole pungufu walivipoteza katika ajali. Kwa hiyo kiwango cha urithi katika tofauti za idadi ya vidole ni kidogo mno, ingawa vidole vyenyewe ni kazi ya jeni kwa ukamilifu.

Kinyume chake ni kimo. Ndani ya kizazi kimoja kilichopata lishe ya kutosha, karibu asilimia 80 ya tofauti za kimo hutokana na urithi. Hata hivyo, wanawake waliozaliwa Korea Kusini mwaka 1996 wamekuwa warefu kuliko wale waliozaliwa huko mwaka 1896 kwa sentimita 20 hivi. Jeni za taifa zima haziwezi kubadilika kiasi hicho katika karne moja. Kilichobadilika ni chakula, usafi wa maji na matibabu ya watoto. Jambo linaweza kuwa la kurithiwa kwa kiasi kikubwa na papo hapo likabadilishwa sana na mazingira, na mtu ambaye hajalishika hili vizuri atabishana mwaka mzima bila kufika popote.

Kisa kinachopendwa na magazeti kuliko vyote ni cha mapacha wa Marekani, Jim Lewis na Jim Springer, waliotenganishwa wakiwa na majuma machache na kukutana tena mwaka 1979 wakiwa na umri wa miaka 39. Inasimuliwa kwamba kila mmoja aliwahi kuoa mke aitwaye Linda, kisha akaoa mwingine aitwaye Betty, na kwamba utotoni kila mmoja alikuwa na mbwa aliyeitwa Toy. Kisa hiki kinavutia, lakini kama ushahidi ni dhaifu. Hakuna jeni inayochagua jina la mke, na wanaume wawili wowote wa rika moja waliokulia katika nchi moja watakutwa na mambo mengi yanayolingana ukiwahoji kwa muda wa kutosha; mambo ambayo akina Jim walihitilafiana husimuliwa mara chache. Ushahidi wa maana uko katika kazi iliyochochewa na kisa hicho. Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza mwaka huohuo kuwatafuta mapacha waliolelewa mbalimbali, na kufikia mwaka 1990 zaidi ya jozi 100 za mapacha, pamoja na watoto waliozaliwa watatu kwa mpigo, walikuwa wamepimwa kwa kina. Katika vipimo vya haiba, mapacha wanaofanana waliokulia nyumba tofauti walikaribiana karibu sawasawa na wale waliokulia nyumba moja. Kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kulingana kabisa, makundi yote mawili yalikuwa karibu na 0.5.

Hapa ndipo wazazi wengi hushtuka, na wana haki ya kushtuka. Ikiwa kulelewa pamoja hakukuwaongezea mapacha hawa mfanano wa maana, basi kile ambacho nyumba moja inawapa watoto wake wote kwa pamoja, yaani kanuni zake, utaratibu wake, vitabu vyake na ukali au upole wa wazazi wake, kinaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti za haiba tunazoziona baina ya watu. Tafiti za watoto walioasiliwa zinaelekea hukohuko: watoto wawili wasio na undugu wa damu waliokulia katika familia moja, wakishakuwa watu wazima, haiba zao hukaribiana kidogo sana. Mwaka 1987 Robert Plomin na Denise Daniels walilifanya hili kuwa swali rasmi la kitaaluma walipouliza ni kwa nini watoto wa familia moja hutofautiana kiasi kile, na swali hilo bado linaendesha utafiti hadi leo.

Wako waliotoka hapo wakahitimisha kwamba malezi hayana kazi. Sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa ni kwamba tafiti hizi huhusu zaidi nyumba za kawaida, ambamo mtoto anakula, anabebwa, anasemeshwa na ana mtu wa kumkimbilia. Zinatuambia kwamba ndani ya upeo huo, nyumba hii na ile hazitofautiani sana katika kuzalisha haiba. Hazituambii chochote kuhusu kinachotokea mtoto akitupwa nje ya upeo huo. Hilo lilionekana nchini Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona nyumba za watoto ambamo maelfu ya watoto wachanga walilazwa katika safu za vitanda, wakilishwa na kubadilishwa nguo kwa ratiba, bila mtu mmoja wa kudumu aliyewashika na kuwatazama usoni. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza mradi jijini Bucharest uliowahusu watoto 136 waliokuwa katika nyumba hizo. Nusu yao walichaguliwa kwa bahati nasibu kwenda kulelewa na familia, na nusu walibaki katika utaratibu uliokuwapo. Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, hakuna awezaye kudai kwamba waliopelekwa kwenye familia walikuwa na jeni bora. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kiakili, na uwezo wao wa kumshikamania mlezi ulikuwa bora zaidi, hasa kwa wale waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtu anayesema malezi hayana kazi aanze kwanza kulijibu hili.

Isitoshe, haiba si kila kitu. Hakuna anayerithi lugha kwa damu. Mtoto hushika ile anayosemeshwa. Dini ambayo mtu anajitambulisha nayo hutoka kwa waliomlea karibu kwa ukamilifu, ingawa uzito anaoupa dini hiyo utu uzimani huonyesha alama za urithi. Stadi, adabu, imani kwamba dunia ni mahali salama au pa hatari, na kumbukumbu ya kupendwa, yote hayo hupita mikononi mwa walezi, na hayapungui thamani kwa sababu hayaonekani kwenye dodoso la haiba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Nina watoto wawili waliolelewa nyumba moja na watu walewale. Wa kwanza, akiwa mchanga, ukimmiminia maji alicheka na kukitafuta kopo kwa mikono yote miwili. Wa pili alikakamaa mwili mzima, akakunja vidole na kulia hadi sauti ikakauka, na haikujalisha maji yalikuwa vuguvugu kiasi gani. Baadaye, tulipoingia katika nyumba yenye watu wengi, wa kwanza aliniponyoka mkononi kabla hatujamaliza kupiga hodi, na wa pili alisimama nyuma ya goti langu akiwa ameshika nguo yangu kwa ngumi. Bila kufundishwa na mtu, nikajikuta nina desturi ya kusimama na huyu wa pili mlangoni, kumnong'oneza ni akina nani waliomo ndani, tutakaa wapi na tutaondoka lini, kisha kumsubiri aseme mwenyewe kwamba yuko tayari. Mgeni anayetuona kwa mara ya kwanza ataona mzazi anayempa mtoto mmoja uhuru na kumdekeza mwingine, na atasema ndiyo maana mmoja ni jasiri na mwingine ni mwoga. Atakuwa ameona mambo mawili ya kweli na kuyaunganisha kinyumenyume, kwa sababu hofu ilitangulia, na ulezi ule wa pole pole uliifuata.

Kosa la mgeni huyo ndilo lililofanywa kwa miongo mingi katika utafiti wa malezi. Watu walipima jinsi wazazi wanavyowatendea watoto, wakapima tabia za watoto, wakakuta kwamba wazazi wakali wana watoto wakaidi, na wakaandika kwamba ukali huzaa ukaidi. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Richard Bell alionyesha kwamba matokeo mengi kati ya hayo yangeweza kusomwa pia kutoka upande wa pili: ukaidi wa mtoto huzaa ukali wa mzazi. Tena, mzazi na mtoto wanashiriki vinasaba, kwa hiyo hasira iliyomo kwa baba na hasira iliyomo kwa mwana zinaweza kuwa na mzizi mmoja, bila ya moja kuwa imeisababisha nyingine. Ukali wa kupindukia unaumiza watoto, na zipo tafiti nzuri zinazoonyesha hivyo. Ila kila anayetuletea uhusiano kati ya jambo la mzazi na jambo la mtoto anapaswa aulizwe ameutenganishaje na urithi, na ameutenganishaje na athari ya mtoto kwa mzazi.

Kwamba hulka hutangulia si dhana ya wazazi waliochoka. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwapima mamia ya watoto wachanga wa miezi minne. Waliwaonyesha vitu vya rangi vinavyoning'inia na kuyumba, waliwasikilizisha sauti zilizorekodiwa, wakawanusisha pamba yenye spiriti kidogo. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu, akapinda mgongo na kulia. Karibu wawili kati ya watano walitulia tu wakitazama. Walipofuatiliwa katika mwaka wa pili wa maisha, wale wa kundi la kwanza walikuwa waoga zaidi mbele ya watu na vitu vigeni kuliko wale watulivu. Ninachokipenda katika kazi hii ni kwamba Kagan hakuigeuza kuwa unabii. Watoto wengi wa kundi la kwanza hawakukua kuwa watu wazima wenye haya iliyopindukia. Wengi walisogea kuelekea katikati. Waliokuwa wachache sana ni wale waliovuka kutoka ncha moja hadi ncha ya pili na kuwa watu wasiojua hofu. Hulka iliweka mipaka ya mahali ambapo si rahisi mtu kufika, lakini haikuchagua mahali atakaposimama ndani ya mipaka hiyo.

Kadiri mtoto anavyokua, ushiriki wake huongezeka. Sandra Scarr na Kathleen McCartney walieleza mwaka 1983 kwamba mwanzoni mtoto hupokea mazingira ambayo wazazi wake wamemwekea, na mazingira hayo yenyewe yanaonyesha hulka za wazazi. Halafu huvuta kwa watu mwitikio unaolingana na alivyo, kwa kuwa mtoto mwenye tabasamu la haraka hubebwa na kusemeshwa zaidi. Na hatimaye huanza kuchagua mwenyewe marafiki, michezo, masomo na mahali pa kupitishia saa zake. Hili linaeleza jambo ambalo wengi hulitarajia kinyume. Watu hudhani kwamba jeni hutawala utotoni na kwamba maisha huzifuta taratibu. Kwa upande wa uwezo wa akili, uchambuzi wa jozi zipatazo 11,000 za mapacha kutoka nchi nne, uliochapishwa karibu mwaka 2010, ulikuta kiwango cha urithi cha asilimia 41 katika umri wa miaka tisa, 55 katika miaka 12 na 66 katika miaka 17. Jeni hazikuongezeka njiani. Kilichoongezeka ni uhuru wa kijana kujitafutia mazingira yanayomfaa, na mazingira hayo yakamkuza kuelekea kule alikokuwa akielekea. Katika hali kama hii, kutaka kujua ni kiasi gani kimetoka kwa jeni na kiasi gani kimetoka kwa mazingira ni kuuliza swali ambalo limeshapoteza miguu yake, kwa sababu jeni zenyewe zimefanya kazi kwa kupitia mazingira.

Mapendeleo yanaonyesha mchanganyiko huu kwa uwazi zaidi kuliko haiba, kwa kuwa yanaweza kupimwa mdomoni. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont alikuwa akishughulika na unga wa kemikali iitwayo kwa kifupi PTC, sehemu yake ikapeperuka hewani, na mwenzake akalalamika kwamba ni chungu mno ilhali Fox mwenyewe hakuonja kitu. Ikaja kujulikana kwamba uwezo wa kuuonja uchungu huo hurithiwa, na mwaka 2003 jeni inayohusika kwa sehemu kubwa, TAS2R38, ilitambuliwa. Watu wawili wanaweza kuweka mdomoni mboga ileile na wasionje kitu kilekile, kwa hiyo mtoto anayekunja uso si lazima awe anadeka. Lakini upande wa pili una ushahidi wenye nguvu vilevile. Julie Mennella na wenzake walichapisha mwaka 2001 jaribio ambalo wanawake wajawazito waligawanywa makundi: wengine walikunywa maji ya karoti katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, wengine walipokuwa wakinyonyesha, na wengine walikunywa maji ya kawaida vipindi vyote viwili. Watoto walipoanza kulishwa uji, wale waliokuwa wamekutana na ladha ya karoti tumboni au katika maziwa ya mama walikunja uso mara chache zaidi walipopewa uji wenye karoti. Walikuwa wamefundishwa kupenda kabla ya kuwa na jino, na hakuna aliyewaambia neno. Hilo ni fundisho lililotoka kwa mama, halikuandikwa katika jeni, na bado mtu anayemtazama mtoto huyo akila angeapa kwamba kazaliwa hivyo.

Kuna mhusika wa tatu ambaye mabishano yetu humsahau kabisa, naye ni bahati. Mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani walieleza jinsi walivyowaweka panya 40 wa kike wenye jeni zilezile katika kizimba kimoja kikubwa chenye ngazi, mabomba na vyumba, na kufuatilia mwendo wa kila mmoja kwa miezi mitatu. Jeni moja, kizimba kimoja, chakula kimoja. Hata hivyo wengine walikua watembezi waliozunguka kila pembe, wengine wakabaki kwenye njia zao chache, na tofauti hiyo ikazidi kupanuka kadiri siku zilivyopita. Walipopimwa, waliotangatanga zaidi walikuwa wametengeneza seli mpya nyingi zaidi katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Tukio dogo lilizaa tabia ndogo, tabia ikazaa matukio mengine. Ninaamini sehemu kubwa ya kile ambacho tafiti za mapacha hukiita mazingira yasiyoshirikiwa, yaani yale ambayo watoto wa nyumba moja hawayapati kwa pamoja, ni mambo ya aina hii, mambo ambayo hakuna mzazi aliyeyapanga na hakuna ambaye angeweza kuyazuia.

Kuhusu jeni moja ya furaha, jeni ya uaminifu au jeni ya ukatili, sitakaa sana. Mwaka 2003 utafiti mmoja ulidai kwamba jeni inayohusika na usafirishaji wa serotonini, kemikali ya ubongo, huamua ni nani atakayepata sonona akipatwa na misukosuko, na mamia ya tafiti zikafuata. Mwaka 2019 uchambuzi uliotumia takwimu za mamia ya maelfu ya watu haukupata ushahidi kwamba jeni hiyo, wala nyingine 17 zilizokuwa maarufu, zina uzito zaidi ya jeni zilizookotwa tu. Hata kimo, ambacho ni rahisi kupimwa kuliko sonona, mwaka 2022 kilionekana kuhusishwa na tofauti ndogondogo 12,111 za vinasaba katika utafiti wa watu milioni 5.4. Anayekuuzia kipimo cha mate ili akueleze mwanao atakuwa nani anauza asichokuwa nacho.

Makosa ya pande hizi mbili hayakubaki vitabuni. Walioamini damu peke yake walizaa harakati za kuamua nani azae na nani asizae. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliihalalisha sheria ya jimbo la Virginia, na msichana Carrie Buck akafungwa uzazi kwa madai kwamba udhaifu wa akili ulikuwa wa ukoo wao. Zaidi ya watu 60,000 walifanyiwa hivyo nchini humo katika karne ya 20, na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1933 ikawafikia mamia ya maelfu. Walioamini malezi peke yake nao walijeruhi watu, ingawa hilo husemwa mara chache. Kwa miongo kadhaa katikati ya karne hiyo, akina mama wa watoto wenye usonji waliambiwa na wataalamu kwamba ubaridi wao ndio uliomfungia mtoto ndani ya nafsi yake, na Bruno Bettelheim, mmoja wa wataalamu hao, akalisambaza wazo hilo kwa nguvu mwaka 1967. Miaka kumi baadaye Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha: kati ya jozi 11 za wanaofanana, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili, na kati ya jozi 10 za wasiofanana hapakuwa na hata moja. Utafiti mdogo, lakini ulianza kuubomoa ukuta. Ninapofikiria mama aliyekaa katika chumba cha daktari akiambiwa kwamba hakumpenda mwanawe vya kutosha, na kwamba ndiyo maana mtoto hasemi, siwezi kuuchukulia mjadala huu kama mazungumzo ya kupitisha wakati.

Wala kurithi si kuhukumiwa. Fenilketonuria ni ugonjwa wa kurithi, unaotokana na hitilafu katika jeni moja, na Asbjørn Følling aliugundua nchini Norwei mwaka 1934. Mwili hushindwa kuishughulikia fenilalanini iliyomo katika vyakula vya protini, nayo hujilimbikiza na kuharibu ubongo. Robert Guthrie alipobuni kipimo cha tone la damu la kisigino mwanzoni mwa miaka ya 1960, watoto wakaanza kugunduliwa siku chache baada ya kuzaliwa na kuwekewa mlo maalumu, na leo hukua na akili timamu wakiwa na jeni ileile iliyowalemaza waliowatangulia. Kujua kwamba jambo limo katika jeni ndiko kulikofungua mlango wa kulishughulikia kwa mlo.

Kwa tabia za kawaida hakuna mlo kama huo, lakini kuna kitu kinachofanana nao. Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa akili waliokuwa mume na mke, walianza mwaka 1956 jijini New York kuwafuatilia watoto 133 tangu uchanga hadi utu uzima. Walihitimisha kwamba aliyepata shida baadaye hakutambulishwa na hulka yake peke yake, wala na mtindo wa wazazi peke yao. Shida ilitokea pale ambapo hulka ya mtoto na matarajio ya waliomzunguka vilikataa kuoana, na mtoto yuleyule angeweza kustawi katika nyumba nyingine yenye matarajio mengine. Katika maabara ya Kagan, Doreen Arcus aliwatazama akina mama wa watoto waliokuwa wepesi wa kushtuka, na akaona kwamba waliokimbilia kumbeba mtoto kila alipolia walikuwa na watoto waoga zaidi baadaye, ilhali wale walioweka mipaka na kumwacha mtoto apambane na tatizo dogo kabla ya kumsaidia walikuwa na watoto ambao hofu yao ilipungua. Kwa watoto ambao hawakushtuka kirahisi, namna mama alivyofanya haikuleta tofauti hiyo. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hawezi kuwa na mbinu arobaini, lakini anaweza kuacha kumtoza alama mtoto asiyenyoosha mkono, akampa dakika ya kuandika jibu lake kwanza na kulisoma baadaye, huku yule asiyekaa kitini akipewa kazi ya kugawa daftari.